Kutoka Bombay hadi Dzaleka: Safari ya Chumba cha Kurekodi

Katika kurasa nyingine za gazeti hili la kumbukumbu mtakutana na picha za viongozi, tarehe za mikutano na majina ya makanisa yaliyozaliwa ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mpaka. Makala hii inahusu chumba. Ni chumba ambacho kila kwaya yetu inakitamani, iwe iko Dzaleka, Chinsapo, Uvira au Kigoma, au iwe imeshahamia Marekani: studio ya kurekodi muziki.

Uliza kwaya yoyote mpango wake wa mwaka, jibu la kwanza ni lile lile: "Tunataka kuingia studio." Michango inapitishwa, sare zinashonwa, mazoezi yanaongezwa hadi usiku. Lakini ni wachache wanaojua chumba hicho kilitoka wapi, ndani yake kuna nini, na wimbo ukishatoka humo unakuwa mali ya nani. Hilo la mwisho limewaliza wengi waliotutangulia. Basi twende pamoja, taratibu, tuanzie mbali.

Siti apanda meli

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa kijiji cha Fumba huko Unguja, alipanda meli na wapigaji wake kwenda Bombay, India. Alikwenda kurekodi santuri za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Waliokuwa na mitambo walikuwa Bombay, kwa hiyo mwenye sauti ndiye aliyevuka bahari.

Jaribu kuiona kazi yenyewe. Kipaza sauti cha umeme kilikuwa kimeanza kutumika kurekodi santuri mwaka 1925, miaka mitatu tu kabla ya safari yake. Kabla ya hapo watu waliimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti peke yake ndiyo iliyosukuma sindano ichore kwenye nta. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu. Mwimbaji, udi, fidla na ngoma, wote walipiga kwa pamoja. Akikosea mmoja, wote wanaanza upya. Na wimbo uliozoea kuimbwa usiku kucha harusini ulibidi ukatwe uingie kwenye dakika zile tatu.

Santuri zile zilirudi pwani zikauzwa, na watu ambao hawajawahi kufika Unguja wakaijua sauti ya Siti. Yeye alifariki mwaka 1950. Sauti yake bado inasikika leo.

Shilingi kumi za Solomon Linda

Miaka 11 baada ya safari ya Siti, mwaka 1939, Mzulu mmoja kutoka Msinga aliyeitwa Solomon Linda aliingia studio ya Gallo mjini Johannesburg pamoja na kundi lake, Evening Birds. Wenyeji wetu wa Malawi wanaujua vizuri mji ule. Babu zao walikwenda migodini kwa mikataba ya Wenela, na wengine walirudi nyumbani na gita na gramafoni.

Linda alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo ya Gallo, upande wa kufungasha santuri. Kundi lake likaimba wimbo unaoitwa "Mbube", yaani simba. Waliurudia mara tatu. Katika ile mara ya tatu, Linda akapandisha sauti ya juu ambayo haikuwa imepangwa, na mashine ikainasa. Dunia nzima ingekuja kuiimba sauti hiyo ya ghafla.

Haki za wimbo ule Linda aliziuza kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari. Wamarekani wakauimba miaka ya 1950 kwa jina la "Wimoweh", mwaka 1961 ukatoka tena kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", na mwaka 1994 ukaingia kwenye filamu ya "The Lion King". Fedha zilizotoka humo zilikuwa nyingi mno. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini. Mabinti zake walipata makubaliano ya malipo mwaka 2006, miaka 44 baada ya kumzika baba yao.

Msomaji, usiipite habari hii haraka. Linda hakuibiwa usiku. Aliingia studio mchana, akaimba vizuri, akatia sahihi kwenye karatasi. Tutairudia karatasi hiyo mwishoni.

Gari lililomfuata mwimbaji

Baada ya vita kuu ya pili utepe wa sumaku ulisambaa, na mitambo ikawa mepesi kidogo. Ndipo chumba kikaanza kumfuata mwimbaji. Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alizunguka kusini, kati na mashariki mwa Afrika na gari la kurekodia. Jenereta iliwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie kwenye utepe, na kipaza sauti alikishika kwa mkono, akikisogeza kwa yule anayetaka asikike.

Mwaka 1952 alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, huko Katanga. Akamkuta kijana mpiga gita, Jean Bosco Mwenda, akiimba kwa Kiswahili cha huko huko. Akarekodi "Masanga", na wapiga gita wa Afrika yetu hadi leo wanajifunza vidole vya wimbo ule. Kama umelelewa Lubumbashi au Kolwezi, huenda baba yako aliupiga kwenye gita la waya kabla wewe hujazaliwa.

Mwaka 1950 Tracey alikuwa amerekodi pia mabinti wa Kipsigis huko Kapkatet, karibu na Kericho nchini Kenya, wakiimba "Chemirocha". Rekodi ile ilikaa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baadaye watu waliibeba wakairudisha kijijini, na wazee waliowahi kuwa vijana wakati ule wakaisikia. Iliwezekanaje? Tracey aliandika kadi kwa kila wimbo: mahali, lugha, ala, na majina aliyoweza kuyapata. Kadi ndiyo iliyouonyesha wimbo njia ya kurudi nyumbani. Rekodi isiyo na kadi ingebaki kuwa kelele ya watu wasiojulikana.

Nairobi, Moshi na Addis Ababa

Miaka ya 1960 studio zilikuwa zimeshakaa karibu nasi. Nairobi kulikuwa na Equator Sound, na waimbaji walitoka nje ya Kenya kuifuata. Nashil Pichen na Peter Tsotsi walitoka Zambia. Fadhili William alirekodi "Malaika" humo. Wimbo huo ulikuja kuimbwa na Miriam Makeba, na baadaye hata na Boney M. Lakini hadi leo watu wanabishana nani hasa aliutunga, maana wengine, akiwemo Adam Salim, wametajwa kuwa ndio watunzi. Wimbo unajulikana dunia nzima, na jina la mtunzi bado ni ugomvi.

Makanisa nayo hayakulala. Tarehe 26 Februari 1963 redio ya Kilutheri iliyoitwa Radio Voice of the Gospel ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa, Kiswahili kikiwemo. Redio hiyo ilitegemea studio ndogo ndogo zilizokuwa katika nchi mbalimbali, na moja ilikuwa Moshi, Tanzania: Sauti ya Injili. Vipindi vilirekodiwa Moshi, tepu zikasafirishwa kwa ndege hadi Ethiopia, kisha sauti ikarudi hewani hadi kwa mama aliyekaa na redio yake mlimani Kilimanjaro. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitaifisha redio ile, na mnara ukaacha kurusha Injili. Studio ya Moshi haikufa pamoja nao. Mnara ulikuwa mali ya mbali, lakini kipaza sauti na watu waliojua kukitumia walikuwa nyumbani.

Balaka, mji mdogo wenye studio kubwa

Sasa tuvuke tuingie Malawi. Shirika la utangazaji la MBC lilianza mwaka 1964, na kwa miaka mingi njia ya bendi au kwaya kusikika ilikuwa kurekodi kwao Blantyre. Lakini studio iliyobadilisha mambo haikuzaliwa Blantyre wala Lilongwe. Ilizaliwa Balaka, mji mdogo wa kusini.

Huko Padri Mario Pacifici, mmisionari kutoka Italia, aliwakusanya vijana wa parokia wakaunda Alleluya Band. Kiongozi wao alikuwa Paul Banda. Bendi ilikua, ikapata vyombo, na hatimaye pakawa na studio, IY, kifupi cha Imbirani Yahwe, maneno ya Kichewa ya kuwaita watu wamwimbie Mungu. Miaka ya 1990 na baadaye, sehemu kubwa ya muziki wa Malawi ilipitia Balaka, wa kanisani na usio wa kanisani. Mdogo wake Paul, Lucius Banda, aliyefariki mwaka 2024, alianzia katika bendi hiyo kabla hajawa sauti ya wanyonge nchi nzima.

Wapendwa, tuangalie mpangilio wao. Kwanza waliimba. Baada ya kuimba wakajifunza vyombo. Mitambo ilikuja baadaye, na ilipokuja iliwakuta watu wanaojua wanachotaka. Kuna vikundi vinavyonunua mitambo kwanza, na mitambo inakaa kabatini inakula vumbi kwa sababu hakuna aliyejifunza.

Chumba kimefika kwetu

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilometa 45 kutoka Lilongwe. Zamani za Kamuzu Banda ilikuwa gereza, na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na sasa inabeba zaidi ya 50,000. Mwaka 2014 mshairi na mwanamuziki kutoka Kongo, Menes La Plume, alianzisha humo Tamasha la Tumaini, na watu wakaanza kutoka Lilongwe kuja kambini kusikiliza muziki. Jukwaa likiwepo, haja ya kurekodi nayo inakua.

Leo, iwe Dzaleka au vichochoro vya Chinsapo, utamkuta kijana mwenye kompyuta moja, maiki moja, spika mbili na godoro lililosimamishwa ukutani. Anakuita "karibu studio," na hakosei. Kile ambacho Siti alikifuata kwa meli, kwako ni mwendo wa miguu. Kompyuta yake inabeba traki nyingi kuliko studio kubwa za Ulaya za miaka ya 1960, ambazo zilirekodi kwa traki nne tu.

Kwa nini basi rekodi nyingine zinatoka kama kuku wako ndani? Tuingie chumbani tuangalie kifaa kimoja kimoja.

Ndani ya studio kuna nini

Cha kwanza ni ukimya. Studio ya kitaalamu ina vyumba viwili: kimoja cha kuimbia, kingine cha fundi na mitambo, na kati yao kioo kinene. Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kuzuia kelele za nje kunahitaji uzito: tofali nene, mlango mzito, na kuziba kila upenyo, maana sauti hupita panapopita hewa. Kuzuia mwangwi wa ndani kunahitaji vitu laini na vinene: godoro, blanketi nzito, pamba. Yale makasha ya mayai tunayoyabandika ukutani hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, basi. Hayawezi kuzuia chigayo cha jirani, wala baa, wala kanisa la ng'ambo ya barabara lenye spika kubwa kuliko zetu. Kama huna ukuta mnene, tumia saa: rekodi usiku wa manane. Na kama paa ni bati tupu, usipange kurekodi kati ya Desemba na Machi. Mvua ikigonga bati haiondoki kwenye rekodi hata kwa maombi.

Cha pili ni maiki. Zipo za aina mbili kuu. Kondensa ni nyepesi kusikia, inanasa hadi pumzi, na inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa au kwenye kifaa kinachoiunganisha na kompyuta. Dainamiki, kama zile tunazoshika madhabahuni, inasikia kilicho karibu nayo na kuacha mengi ya mbali. Katika chumba chenye kelele, dainamiki ya bei ya kawaida inaweza kukupa rekodi safi kuliko kondensa ya bei kali. Mwimbaji wa pekee asimame umbali wa shubiri moja. Mbele ya maiki weka soksi nyembamba ya kike iliyovutwa kwenye duara la waya, ili herufi "p" na "b" zisipige kama ngumi. Kwaya nzima isimame nusu duara, maiki mbili mbele, na wenye sauti kubwa warudi nyuma. Jamani, hapo undugu usiingie; kama mama mchungaji ana sauti ya radi, arudi nyuma kwa upendo.

Cha tatu ni traki. Siku hizi ngoma ina njia yake, besi njia yake, kinanda njia yake, na kila sauti ya kwaya njia yake. Akikosea mmoja, anarudia yeye tu. Hii ni neema, lakini imeleta uvivu. Kwaya zinaingia studio hazijakamilisha wimbo zikijua fundi atarekebisha. Fundi anarekebisha kweli, kwa saa, na saa inalipiwa. Mnaojua mnachoimba mtamaliza asubuhi moja. Mnaojifunzia studio mtamaliza michango.

Cha nne ni masikio ya fundi na spika zake mbili. Spika hizo na kichwa chake ziunde pembetatu yenye pande sawa, ndipo atasikia kushoto na kulia kwa haki. Kumiksi ni kupanga nani awe mbele, nani awe nyuma, nani awe pembeni. Baada ya hapo asikilize tena kwenye simu ya kawaida na kwenye redio ndogo, maana huko ndiko watu wenu watakakosikilizia. Wimbo unaopendeza kwenye spika za studio peke yake haujamaliza safari.

Cha tano ni umeme. Wanaoishi Malawi mtakumbuka Januari 2022, kimbunga Ana kilipoiharibu mitambo ya Kapichira, nchi ikapoteza karibu theluthi ya umeme wake. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, kazi isiyohifadhiwa inakwenda nao. Kifaa kidogo cha betri kinachoshikilia kompyuta dakika 10 kina faida kuliko maiki ya pili.

Masta si ile ya WhatsApp

Hapa naomba umakini wako, msomaji, hasa kama wewe ni mwenyekiti au mhasibu wa kwaya.

Kurekodi kwa kiwango cha kawaida cha studio, kompyuta hupima sauti mara 44,100 kila sekunde. Traki moja ya dakika moja huchukua karibu megabaiti 8. Wimbo wa dakika tano wenye traki 20 unafika karibu megabaiti 800. Ule mnaotumiwa kwenye WhatsApp una kama megabaiti 5. Kumbe mnachopewa mara nyingi ni kivuli cha wimbo. Mwili wenyewe, yaani zile traki zote na mchanganyo wa mwisho usiobanwa, unabaki kwenye kompyuta ya fundi. Kompyuta ikiibiwa, ikiungua, au fundi akihama, mwili umezikwa, nanyi mmebaki na kivuli. Hamwezi tena kuondoa sauti moja, kuongeza lugha nyingine, wala kuupeleka redioni ukiwa katika ubora wake.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kwaya zetu hazikai mahali pamoja. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Kama ulikuwa Chinsapo miezi ile, sina haja ya kukueleza maduka yalivyofungwa na watu walivyobebwa. Na kuna msafara mwingine, wa furaha na machozi pamoja: mwenye sauti ya tatu anaitwa kwenye usaili, na siku moja mnamsindikiza, yuko njiani kwenda Kanada au Australia. Mwaka mmoja ukipita, kwaya iliyokuwa na watu 30 ina 18. Sauti zile 30 haziwezi kukutana tena duniani mahali popote isipokuwa kwenye rekodi.

Mnamkumbuka Angela Chibalonza. Alizaliwa Kongo, akaimba na kurekodi Kenya, na mwaka 2007 akafariki kwa ajali ya barabarani. Jumapili hii, bila shaka, kuna ibada mahali fulani kati ya Bukavu na Mombasa ambapo sauti yake itapigwa watu wakiwa wamesimama. Hilo linawezekana kwa sababu rekodi ilifanywa vizuri na ikatunzwa.

Mambo manne ya kufanya kabla ya kuingia

Kwanza, andikeni kadi ya wimbo. Jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, waliopiga vyombo, kila aliyeimba, mahali na tarehe. Kama una maneno ya Kirundi, Kinyarwanda, Lingala na Kichewa pamoja, andikeni yote na maana yake kwa Kiswahili. Wasichana wa Kapkatet walirudishiwa wimbo wao kwa sababu ya kadi. Wimbo wa "Malaika" unagombewa kwa sababu mwanzo wake haukuandikwa wazi.

Pili, patanani kwa maandishi kabla ya noti ya kwanza. Haki ziko mbili, na watu huzichanganya: haki ya utunzi, na haki ya ile rekodi yenyewe. Mtunzi anaweza kuwa dada mmoja wa kwaya, na rekodi ikawa ya kwaya nzima iliyoilipia. Ulizeni fundi: "Ukimaliza, masta ni ya nani?" Akisema ni yake, basi mjue mnalipa nini. Kuulizana hivyo si kukosa imani. Ndugu wawili wakiwekeana maandishi wanalinda undugu wao. Solomon Linda angekuwa na rafiki mmoja wa kumsomea karatasi ile, habari yake ingekuwa nyingine.

Tatu, sajilini. Malawi iko COSOMA, iliyoanzishwa mwaka 1992 kusimamia hakimiliki. Tanzania iko COSOTA, iliyotokana na sheria ya mwaka 1999. Kwaya yenye matawi nchi mbili iamue mapema jina la nani litaandikwa na wapi, msije mkajikuta tawi moja limesajili wimbo wa wote.

Nne, msitoke bila diski. Nunueni diski yenu kabla ya siku ya studio, na traki zote zinakiliwe mkiwa mmesimama pale. Kisha fanyeni nakala tatu: moja ikae kwa katibu, moja kanisani, ya tatu ivuke mpaka, ikae kwa tawi lililoko nchi nyingine. Mafuriko ya hapa hayatafika kule, na mwizi wa kule hatafika hapa. Ushirika wetu una kitu ambacho studio nyingi kubwa hazina: watu wa kuaminika katika nchi nyingi. Tukitumie.

Na zile tepu za kaseti zilizo nyumbani kwa wazee, za kwaya za Fizi, Bujumbura na Kasulu za miaka ya 1980 na 1990, zitafuteni mwaka huu. Mkanda wa kaseti unachoka, unashikana, unapoteza sauti kidogo kidogo. Chezesheni mara moja kwenye redio kaseti safi, unganisheni waya kwenye kompyuta, nakilini, kisha mkae na mzee mwandike majina naye akiwepo. Yeye ndiye kadi pekee iliyobaki ya nyimbo zile.

Siti alisafiri hadi Bombay kwa kukosa chumba. Sisi chumba tunacho, mlango wa tatu kutoka kwenye bomba la maji. Kwaya itakayoingia humo mwezi ujao ikiwa na wimbo ulioiva, kadi iliyoandikwa, karatasi iliyosomwa na diski mkononi, itawaachia watoto wetu kitu cha kusikiliza kwenye jubilei ijayo, hata kama sisi wenyewe tutakuwa tumetawanyika wapi. Bwana awabariki, na mazoezi mema.